Mayai Kumi na Mawili ya Kuchemsha

Mimi kuku nawajua. Majirani watakuambia ninajisifu, lakini hao hao ndio wanaogonga mlango wangu asubuhi kuku wao wakianza kuzubaa. Ninafuga kuku wa kienyeji chini ya miti ya matunda: mipera, michungwa, miparachichi, na milimau miwili niliyoikuta hapo. Tunda bovu likianguka, kuku analichana na kula funza waliomo kabla hawajageuka nzi wakarudi kuniharibia mengine. Kuku huyo huyo anapalilia, anatia mbolea, na hadai mshahara. Bwana shamba alipokuja mara ya kwanza na kopo lake la dawa ya kupulizia, nilimpa kiti, nikampa chai, na kopo nikamwambia arudi nalo.

Kando ya nyumba nina kitalu cha miche ya kubebeshwa. Nachukua kijiti cha mti unaozaa vizuri, nakifunga kwa nailoni juu ya mche wa mti sugu, vinashikana vinakuwa mti mmoja. Baada ya miaka mitatu mteja anakula parachichi, hangoji mpaka wajukuu waote ndevu.

Kazi hii ilikuwa inanilisha vizuri tu. Jambo moja ilishindwa: kumshusha mume wangu juu ya mapaa ya watu.

Mume wangu ni fundi wa kuezeka. Mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi. Ana miaka hamsini na sita na goti moja lisilokunjika sawasawa. Mwaka jana aliteleza kwenye bati lenye umande, akadaka mbao, akaning'inia mpaka wenzake wakamvuta. Alikuja nyumbani akanisimulia kama kichekesho, akaiga na msimamizi alivyopiga mayowe. Nilicheka, kisha nikaingia bafuni nikalia. Daktari alimwambia aachane na ngazi. Fundi akajibu kwamba amesikia, na Jumatatu akapanda. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mimi nilikuwa nimechoka kungoja.

Ndipo akaja Sista. Alikuwa muuguzi, sasa amestaafu na kununua shamba nje ya mji. Ni mwanamke mwembamba anayeuliza maswali mafupi na kuyaandika majibu kwenye daftari. Alikuwa ameshaumia mara moja: alinunua vifaranga mia wa mashine, akawaachia shambani, wakasimama mlangoni pa banda kutwa nzima wakingoja kuletewa chakula. Hawakuwa na mama wa kuwafundisha kuchakura.

"Nataka vifaranga hamsini," akaniambia. "Walioanguliwa na kuku, wakalelewa na kuku, chini ya miti. Niwachukue wakiwa na wiki nne, na wote wawe wa umri mmoja. Sitaki wakubwa wawakanyage wadogo."

"Umri mmoja kwa siku, Sista," nikasema. "Si kwa wiki. Kwa siku."

Hakuna aliyeniomba kuongeza hayo. Mdomo wangu una tabia ya kutangulia safari.

Akaandika. "Nikiridhika nao, nitachukua miche themanini. Na nitahitaji mtu wa kuipanda na kuitunza mwaka mzima. Kupima mistari, kuchimba mashimo, kupogoa. Nataka mtu mzima anayejua kamba na futi. Nasikia mume wako ni fundi."

"Ni fundi haswa."

"Vizuri. Lakini vifaranga kwanza."

Mwaka mzima wa miguu ya mume wangu kukanyaga udongo! Jioni ile nilipomweleza, Fundi aliniangalia kwa upande kama anavyoangalia ukuta uliojengwa na fundi mwingine. "Mke wangu, ukipata kazi hiyo, mimi ngazi naigeuza kuni."

"Katafute shoka," nikamjibu.

Sasa, kupata vifaranga wa siku moja bila mashine kuna ufundi wake. Kuku hawashauriani. Huyu anaanza kuatamia leo, yule Jumanne, mwingine anakungojesha mpaka umkatie tamaa. Dawa yao ni kuwadanganya. Anayetangulia unampa mayai matatu yaliyochemshwa, naye anayakalia kwa moyo wote. Anayefuata unamfanyia vivyo hivyo. Wakishatulia wote, unachagua siku moja, unaondoa yale ya kuchemsha na kuwawekea yenye mbegu, kila mmoja sehemu yake. Siku ishirini na moja baadaye wanaangua pamoja.

Mayai ya kuchemsha nilikuwa nayachora mstari kwa mkaa. Fundi aliniona, akachomoa penseli yake ya kazi sikioni.

"Mkaa utafutika, mama watoto. Kuku anageuza mayai kutwa, anayasugua kwa manyoya. Tumia hii."

"Nimeanza kuchora mayai kabla hujajua kushika penseli," nikamwambia. Uongo mtupu. Amenizidi miaka sita.

Alhamisi niliyoichagua, niliingia bandani na kapu la mayai sitini na matano kwa kuku watano. Mle ndani hakuna mwanga wa maana, na kuku anayeatamia hana adabu. Nilimwinua wa kwanza, nikatoa yake matatu ya kuchemsha nikayaweka pembeni mwa kapu lile lile, nikamwekea kumi na matatu. Wa pili akanidonoa mpaka damu. Nilipofika kwa wa tatu, kapu lilikuwa limetikisika na mstari wa mkaa siuoni. Mtu mwenye akili angetoka nje akayazungusha mayai juu ya meza, maana la kuchemsha huzunguka vizuri na bichi huyumba. Mimi nilijiambia kwamba mkono wangu unayajua. Nikamaliza, yakabaki kumi na matano, nikayapeleka jikoni kwenye bakuli. Nikamwambia Fundi, "Haya ndiyo yaliyochemshwa. Beba kazini, ule na wenzako."

Siku ya saba ni siku ya kuyapima. Chumba chetu cha stoo kina dirisha moja, tunaliziba kwa gunia. Tunawasha tochi ndani ya boksi lenye tundu, na yai linawekwa juu ya tundu. Lililo hai linaonyesha mishipa myembamba myekundu na kidoa katikati kinachocheza. Fundi alikuwa anaweka, mimi nasoma.

"Hili?"

"Hai."

"Hili?"

"Hai."

"Na hili?"

Hilo lilikuwa zito, halina mshipa wala kidoa. Nikaliweka kando. Mayai mawili mbele, jingine la namna hiyo, kisha jingine. Lilipofika la tano nilimgeuzia lawama jogoo. Jogoo wetu tunamwita Diwani, kwa sababu anapiga kelele sana asubuhi na baada ya hapo humwoni kazini. Nilimtukana Diwani na ukoo wake wote, nikaapa kwamba Jumapili hatafika jioni. Hayo mabovu yalipofika kumi na mawili, Fundi alilichukua moja, akanyoosha mkono mbali na pua yake, akaligonga kwenye mlango.

Halikunuka. Alilibandua ganda taratibu, akalinusa, akanionyesha.

"Mama watoto," akasema, "huyu kifaranga ameiva."

Nilikaa chini pale pale juu ya gunia la pumba. Halafu nikakumbuka bakuli.

"Na yale uliyobeba kazini?"

Fundi akajikuna shingo. "La kwanza lilikuwa sawa. La pili likanimwagikia mpaka kiwiko. Nikajua umesahau kuyachemsha mengine, una mambo mengi. Nikampa mama wa chai akanichemshia, tukagawana na wenzangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua utaona aibu."

"Mlikula vifaranga wa Sista!"

"Walikuwa watamu," akasema, kisha akaona uso wangu, akazima tochi.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Penseli ilikuwa sikioni pake muda wote ule, na hakuigusa wala kuitaja. Afadhali angeitaja.

Nikahesabu. Ukitoa hayo kumi na mawili na mengine manane ambayo hayakuwa na mbegu, yaliyokuwa hai ni arobaini na matano. Hayaanguliwi yote, na wanaoanguliwa hawapiti wote mbele ya mwewe. Ningejitahidi nifike na thelathini na kitu. Kuanza upya ni kuwa na watoto wa umri mwingine, nami nilikuwa nimesema kwa siku, likaandikwa kwenye daftari.

"Tununue wa mashine," Fundi akasema kwa sauti ya chini. "Siku ya kuangua tunawapenyeza chini ya kuku. Atawapokea, atawafundisha kuchakura kama wake. Kumi na watano ndani ya hamsini, nani atajua?"

Sitajifanya malaika. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nani anauza. Ningefanya lolote ili asipande tena, na mvua zilikuwa zinakaribia, bati likilowa halina rafiki. Lakini nilimwona Fundi mwaka mzima akichimba mashimo kwenye shamba la yule mama, akisalimiwa kila asubuhi, na mimi nyumbani nikijua nilichouza. Nikamwambia hapana. Nikasema kuna njia nyingine, ingawa nilikuwa sijaiona.

Niliiona kesho yake nikimwagilia miche, niliposikia kuku akinguruma ng'ambo ya wigo, ule mngurumo wa kuku anayeatamia akisogelewa.

Hapa lazima nimtaje wifi yangu, ingawa nilikuwa nimeapa kutomtaja. Dada yake Fundi anaishi nyuma ya wigo wetu, na kwa miaka mitatu alikuwa akifanya kila ninachofanya. Nikipanda mipera, mwezi haupiti ana mipera. Nilipoanza kubebesha miche, nilimwona kwenye tundu la wigo akinitazama kisu kinavyopita. Miezi miwili nyuma, mbele ya kina mama wenzangu, nilisema kwangu hata nikikohoa, wifi atakohoa. Walicheka sana. Maneno hayo yalivuka wigo kabla mimi sijafika nyumbani, na tangu siku hiyo hatukusalimiana.

Basi kama ananiiga kila kitu, Alhamisi ile alifanya nini?

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nilinawa mikono, nikazunguka mpaka mlangoni kwake. Nilimkuta uani anachekecha udongo wa miche, magunia mawili yako tayari. Hakuinua kichwa.

"Hodi, wifi."

"Umekuja kukohoa?"

Nilistahili. "Nimekuja kuomba radhi," nikasema. "Lile neno lilikuwa baya, na nililisema ili watu wacheke. Nisamehe." Nikaendelea kabla ujasiri haujaniisha, nikamweleza habari za Sista, za mkaa, za kapu, na za wenzake Fundi waliokula mayai yenye mbegu kwa chumvi. Hapo chekecheo likasimama. Aliuma mdomo asicheke, akashindwa.

"Yaani hukuyazungusha mezani? Wewe?"

"Mimi."

"Asante Mungu, nimeishi nikaona." Akajifuta mikono, akanipeleka bandani kwake. Kuku watatu walikuwa wamekaa sawasawa kwenye matenga. "Hawa niliwawekea Alhamisi. Nilikuona umebeba kapu, nikasema leo ndiyo siku. Baba yao ni Diwani wako, anashinda huku kutwa."

Nilishusha pumzi. Kisha nikauliza, kwa sababu nilitaka kweli kujua, "Wifi, kwa nini hukunijia tu ukaniuliza? Ningekufundisha."

"Ungenifundisha, ungenicheka pia." Akamwinua kuku mmoja, akatazama chini yake, akamrudisha. "Na mimi sikufuati kwa sababu napenda kuku. Unajua baba yetu alianguka kwenye paa."

Nilijua. Baba mkwe sikumkuta, lakini habari yake niliolewa nayo.

"Unajua nilikuwa pale? Nina miaka kumi na miwili. Mama alinituma nimpelekee chakula cha mchana. Nilimwita kwa sauti, akageuka kuniangalia." Alisema hivyo tu, akapanga majani ya tenga. "Kaka akaimalizia ile nyumba yeye. Tangu hapo yuko juu. Nilipoona unapata wateja nikasema, kama kuku na miti vinaweza kumshusha kaka yangu, basi tuvifanye wawili. Mimi sina mdomo wako wa kuuza, nikawa naotesha tu, nangoja siku utakayopungukiwa."

Miaka mitatu nilimwita mwigaji. Nilimkumbatia na udongo wake wote, tukalia pale bandani mpaka kuku wakakasirika.

"Chukua wote," akasema. "Ila mwambie huyo mama kuwa wengine ni wangu. Sitaki kufichwa."

Wiki mbili baadaye banda langu na lake yalianza kulia siku moja. Kwangu walitoka arobaini na mmoja, kwake ishirini na saba. Tuling'oa kipande cha wigo ili kuku wapite na watoto wao. Mwewe alichukua wanane, panya mmoja, na mmoja alizama kwenye bakuli la maji la wifi, ambalo tangu hapo lina mawe ndani. Wengine walikua wakichakura chini ya mipera nyuma ya mama zao. Kila jioni nilisikiliza mlango mpaka Fundi aingie, na nikishaona goti lake limevuka kizingiti, ndipo nilipopakua chakula. Mvua ya kwanza ilinyesha wiki ya tatu. Siku hiyo alichelewa saa moja na nusu, na sikumwambia nilikuwa na hali gani.

Sista alifika siku aliyoahidi, asubuhi, na daftari lake. Kabla hajakaa nilimwambia.

"Vifaranga wapo hamsini na ziada, wote wa siku moja. Lakini si wote wangu. Nilikosea, nikaatamisha mayai ya kuchemsha. Waliopungua wametoka kwa wifi yangu, huyu hapa. Kuku wa namna moja, miti ya namna moja. Ukiona haifai, sema."

Aliacha kuandika. "Mayai ya kuchemsha?"

"Kumi na mawili."

"Siku ngapi?"

"Saba."

Nilidhani atafunga daftari aondoke. Alitafuta mahali pa kuegemea, akashika mlimau, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa, akawa muuguzi tena. Hakutaka kusikia maneno zaidi. Alikaa kwenye kigoda chini ya mipera kwa muda wa nusu saa, hakuwatupia vifaranga hata punje, akawatazama tu. Pera moja lililooza lilikuwa karibu na kiatu chake. Kifaranga mmoja mwenye shingo nyekundu alikuja, akalichana kwa kucha, akarudi nyuma hatua moja, akatazama, akavuta funza akakimbia naye huku wenzake watano wakimfukuza. Yule alikuwa wa wifi. Wifi akanibana mkono mpaka ukauma.

"Hawa wamefundwa," Sista akasema, akasimama. "Nachukua hamsini. Miche nitaikagua sasa hivi. Huyo fundi aje Jumatatu saa mbili, na kamba yake."

Wifi alimfuata kitaluni, akimwonyesha mche mmoja mmoja na kutaja siku ulipobebeshwa, yangu na yake. Kumbe mdomo alikuwa nao. Mimi nilibaki chini ya mipera. Nilikaa chini kwenye majani kwa furaha, na sikuona haya.

Jumatatu ile niliamka saa kumi na moja alfajiri nikakuta upande wa Fundi ni mtupu. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa, viatu vimefungwa kamba, mikono juu ya magoti.

"Sista kasema saa mbili," nikamwambia. "Lala."

"Najua."

"Sasa mbona umeamka?"

Nilingoja mzaha. Mtu huyu hajawahi kunijibu swali la asubuhi bila mzaha.

"Nimeamka kuogopa," akasema. "Ni mazoea tu. Kila siku huwa naamka saa hii, naogopa kidogo, halafu naenda kazini."

"Tangu lini?"

"Tangu baba."

Miaka ishirini na minane nimelala kando yake nikiwaambia watu mume wangu anaamka mapema kwa sababu ni mchapakazi. Nilikaa, nikaushika mkono wake. Ulikuwa mkavu, umetulia.

"Na leo?" nikamuuliza.

Alifikiri. "Leo natafuta cha kuogopa, sikipati."

Nikapiga magoti sakafuni, nikamfungua kamba za viatu, na akaniacha nimvue.